Kabla pedali zako hazijagawana adapta moja: jua hasi iko wapi, na ethi ni ipi

Nina adapta mbili mezani hapa Mtwara, zote nyeusi, zote na plagi ya duara yenye shimo katikati. Moja ilikuja na ruta ya intaneti, nyingine ni ya pedali za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadili sauti ya gitaa. Ukizishika gizani huwezi kuzitofautisha: plagi zote mbili zina milimita 5.5 kwa nje na shimo la milimita 2.1. Zote zimeandikwa volti 9. Ila ile ya pedali ina hasi katikati na chanya nje, na ile ya ruta ina chanya katikati na hasi nje.

Wengi wetu huku kusini hatukununua pedali dukani ikiwa kwenye boksi lake. Zinakuja kwa mkono. Ndugu katoka nazo Dar, mpiga solo kaacha muziki kauza, kwaya imenunua vyombo vipya imetoa vya zamani. Pedali inafika bila adapta, na mwenye nayo anakwenda sokoni kutafuta. Muuzaji anamwambia, "Kaka, adapta ni adapta, hii hapa volti tisa." Hamdanganyi kwa makusudi. Kwake plagi ikiingia, kazi imekwisha. Adapta za ruta, za ving'amuzi na za kamera za ulinzi karibu zote zina chanya katikati, na ndizo zilizojaa sokoni. Ile ya kinanda cha Yamaha, PA-130, ambayo iko makanisani kila upande, ni ya volti 12 na nayo ina chanya katikati. Kwa hiyo mpiga gitaa anayeazima adapta ya jirani ana nafasi kubwa ya kukosea kuliko kupatia.

Watu huniuliza kwa nini pedali zikaamua kwenda kinyume na dunia nzima. Si ukaidi, ni betri. Pedali ndogo za kwanza za Boss zilitoka Japani mwaka 1977, na mpangilio wa kampuni hiyo wa hasi katikati ndio ulioenea hadi ukawa desturi. Fungua pedali ya aina hiyo utaona tundu la adapta lina vipande vitatu vya bati. Kimoja ni sindano ya katikati, cha pili kinagusa nje ya plagi, na cha tatu ni swichi: plagi ikiingia, kile cha pili kinasukumwa, kinaachana na cha tatu, na betri iliyomo ndani inakatwa. Swichi hiyo iko upande wa nje, si katikati. Sasa hasi ya betri tayari ina mahali pake pa kukatiwa, nayo ni tundu la kuingizia waya wa gitaa. Ndiyo maana pedali nyingi zikiwa kwenye betri haziwaki mpaka uchomeke gitaa. Kilichobaki kukatwa na tundu la adapta ni chanya, na swichi iko nje, basi chanya ikakaa nje.

Hilo ndilo swali la kwanza, na wengi wameshalijua: katikati kuna nini? Jibu lake limechorwa kwenye adapta na kwenye pedali. Utaona nukta iliyozungukwa na duara lisilofunga, na alama mbili pembeni, moja ya kujumlisha na moja ya kutoa. Alama iliyoungwa na nukta ndiyo ya katikati. Iliyoungwa na duara ndiyo ya nje. Michoro ya pedali na adapta ikifanana, hapo hakuna tatizo.

Lakini kuna swali la pili, na halikuchorwa popote. Ndilo linalozima jukwaa zima, na sijaona likielezwa vya kutosha kwa lugha yetu, ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Nilijifunza siku ya harusi, Shangani, msimu wa korosho, wakati harusi ziko kila Jumamosi. Nilikuwa na pedali tatu: ovadraivu ya kukwaruza sauti, koras ya kuinenepesha, na fazi moja ya kuikwaruza zaidi, iliyotengenezwa kwa mkono, yenye transista za zamani za jerimani (yaani germanium, si nchi ya Ujerumani). Nilinunua waya wa matawi, ule wenye plagi moja ya kuingilia umeme na plagi tano za kutokea, ili adapta moja ilishe zote. Nikapima kwa uangalifu. Adapta ina hasi katikati, pedali zote tatu zina mchoro wa hasi katikati. Nikachomeka moja moja, kila taa ikawaka. Nikachomeka zote tatu kwa pamoja, taa tatu zikawaka. Nikafurahi. Kisha nikachukua waya mfupi wa sauti, nikaiunga fazi na ovadraivu, na taa zote tatu zikazima kwa mara moja. Nikauchomoa, zikawaka. Nikauchomeka, zikazima, na safari hii adapta ikaanza kupata moto.

Mpiga besi akaniambia waya wa sauti ni mbovu. Tukabadilisha waya mara nne, na wageni wameshakaa.

Waya haukuwa mbovu. Waya wa gitaa una sehemu mbili: uzi wa katikati unaobeba sauti, na wavu wa shaba unaouzunguka, ambao huzuia kelele. Wavu huo ndio unaounganisha gitaa, pedali zote na amplifaya kwenye sehemu moja ya pamoja. Mafundi tunaiita ethi, ingawa si kitu kimoja na ile nondo iliyochimbiwa ardhini nyumbani. Mwenye gari ataelewa haraka nikisema ni kama bodi ya gari. Gari la leo lina hasi ya betri kwenye bodi, kila taa inachukua chanya kwa waya wake na kurudisha umeme kupitia bati. Lakini magari mengi ya Kiingereza ya zamani, kabla ya miaka ya 1970, yalifungwa chanya kwenye bodi. Gari hilo peke yake linatembea vizuri kabisa. Shida inaanza ukilisogeza karibu na gari la leo, bati likagusa bati, kisha ukataka yote mawili yatumie betri moja.

Pedali nazo ziko hivyo. Nyingi sana zina hasi kwenye ethi. Zile za transista za jerimani za aina ya PNP mara nyingi zina chanya kwenye ethi, kwa sababu ndivyo saketi zao zilivyochorwa tangu mwanzo. Mfano unaojulikana zaidi ni Fuzz Face ya kampuni ya Arbiter ya London, iliyotoka mwaka 1966, ile iliyokuwa miguuni kwa Jimi Hendrix. Wakati huo haikuleta taabu yoyote, maana haikuwa na tundu la adapta. Ilikula betri yake yenyewe. Betri ni kisiwa: haina habari na betri ya jirani, na hata ukiunga ethi za pedali kumi hakuna umeme unaopata njia ya kupita kati yao.

Ukiondoa betri ukaleta adapta moja kwa wote, kisiwa kimeondoka. Wavu wa waya wa sauti kwenye ovadraivu umeungwa na hasi ya adapta. Wavu huohuo kwenye fazi umeungwa na chanya ya adapta ileile. Siku unayochomeka waya wa sauti kati yao, umechukua chanya na hasi ukazigusanisha kwa kipande cha shaba. Ni shoti, haina jina jingine. Ndiyo maana fazi yangu iliwaka bila tatizo mpaka dakika ile. Mchoro wake ulisema kweli, hasi ilikuwa katikati. Haukusema ethi ni ipi.

Na hapa ndipo waya wa kugeuza unapowapoteza watu. Kuna kiwaya kifupi kinachouzwa, au unaweza kukilehemu mwenyewe, kinachobadilisha nje iwe ndani. Kinatibu swali la kwanza tu. Ukiwa na pedali yenye chanya katikati lakini ethi yake ni hasi kama wenzake, kiwaya hicho kinatosha na inaweza kukaa kwenye matawi pamoja na nyingine. Ukiwa na pedali yenye chanya kwenye ethi, geuza unavyotaka, haitakaa na wenzake kwenye adapta moja. Inahitaji betri yake, adapta yake, au ile pawasaplai ya pedali yenye matundu yaliyotenganishwa kwelikweli, ambapo kila tundu lina koili yake ya transfoma. Siku hizi baadhi ya watengenezaji huweka ndani ya fazi za namna hii kipande kidogo kinachotengeneza volti 9 za upande wa hasi kutoka kwenye adapta ya kawaida, na hizo hukaa na wenzao bila ugomvi.

Anayetaka ushahidi kwamba ethi inasafiri kwa waya wa sauti, atafute Boss ya zamani iliyoandikwa ACA pembeni mwa tundu lake. Zile zilitengenezewa adapta iliyokuwa ikitoa volti zaidi ya 9, hivyo ndani, kwenye njia ya kurudishia umeme, kuna resista na dayodi za kupunguza. Ichomeke peke yake kwenye adapta ya volti 9 za leo, taa yake itafifia na sauti itakuwa dhaifu. Watu huzitupa wakidhani zimekufa. Iunge kwa waya wa sauti na pedali nyingine ya kawaida iliyo kwenye adapta hiyohiyo, na taa inang'aa. Umeme umepata njia ya kurudi kupitia wavu wa waya wa gitaa, umeiruka ile resista.

Sasa kupima. Mita ya kawaida, ile ya njano ya bei nafuu, inatosha. Anza na adapta: weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, kipimo cha 20. Ncha nyekundu ndani ya shimo la plagi, ncha nyeusi kwenye bati la nje. Mita ikionyesha 9 na alama ya kutoa mbele yake, hasi iko katikati. Ikionyesha 9 bila alama, chanya iko katikati. Ncha nyingi za mita ni nene na hazifiki ndani, na ukilazimisha itagusa pande zote mbili kwa pamoja. Mimi huchomeka waya mgumu mwembamba, kama ule wa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, nikaushika huo kwa ncha nyekundu. Ikiwa mita haionyeshi kitu kwenye DC, usiseme adapta imekufa. Hamia kwenye AC upime tena. Zipo pedali zinazotaka AC, kama Whammy za zamani za DigiTech na DL4 ya Line 6 ya kijani, na adapta zake zimezagaa bila wenyewe. AC haina chanya wala hasi ya kudumu, zinabadilishana mara 50 kwa sekunde kama umeme wa ukutani, na ukiipeleka kwenye ovadraivu ya kawaida unaiua. Kwenye maandishi utaitambua kwa alama ya wimbi. DC ina mstari mnyoofu wenye vistari vilivyokatika chini yake.

Kwa swali la pili, chomoa kila kitu. Toa betri. Chomeka waya wa gitaa kwenye tundu la kuingilia la pedali, ncha ya pili iache mezani. Weka mita kwenye kile kipimo kinacholia mlio pande mbili zikigusana. Ncha moja ishike bati refu la plagi ya gitaa, lile la chini, si kichwa chake. Ncha ya pili ipeleke kwenye kishikizo cha betri, upande wenye waya mweusi. Mita ikilia, ethi ni hasi, pedali yako ni ya kawaida. Sasa jaribu upande wa waya mwekundu. Mita ikilia huko na kunyamaza kwa mweusi, umeshika pedali yenye chanya kwenye ethi. Iandike kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwake siku hiyohiyo.

Isiyo na kishikizo cha betri inabidi uifungue. Tafuta kapasita ya mkebe iliyo karibu na mahali umeme unapoingilia, ile yenye ukanda wenye alama ya kutoa ubavuni. Mguu wa upande wa ukanda ni hasi. Huo ukilia na ethi, uko salama. Mguu wa pili ukilia, hali ni ileile ya fazi yangu.

Ukiwa umefungua, angalia na tundu lenyewe la adapta. Chumvi ya bahari yetu inakula bati, na tundu la plastiki likichoka, fundi wa redio hulibadilisha kwa alilonalo, mara nyingi la chuma. Pedali yenye hasi katikati ina chanya upande wa nje wa tundu. Tundu la chuma likikazwa kwenye boksi la chuma, chanya imekwenda kwenye boksi, na boksi ndilo ethi. Nimezikuta mbili za namna hiyo, na wenyewe walikuwa wameshabadilisha adapta tatu.

Ukikosea swali la kwanza, kinachotokea kinategemea ulinzi uliomo. Pedali nyingi zina dayodi kama 1N4001 iliyolazwa kati ya chanya na hasi. Umeme ukija sawa, dayodi imelala. Ukija kinyume, inafunguka na kuumeza wote ili usifike kwenye saketi. Adapta dhaifu itazidiwa na mambo yataisha hapo. Adapta yenye nguvu inaipika dayodi, nayo ikifa kwa kawaida hufa ikiwa imefunga, pande zake mbili zimegandana. Tangu hapo hata ukileta adapta sahihi pedali ni shoti, na ukiiweka kwenye matawi inazima wenzake wote. Hii ni habari njema kuliko inavyoonekana, kwa sababu dayodi hiyo ni ya bei ndogo mno na ikibadilishwa pedali hufufuka. Pedali nyingine zimewekewa dayodi kwenye njia ya umeme wenyewe, mlangoni: ukigeuza haiwaki, basi. Zisizo na ulinzi wowote ndizo zinazoumiza. Ayisii (chipu, IC) inakufa kimya, na kapasita iliyogeuzwa inachemka mpaka inapasuka kichwa.

Kuhusu miliampea niseme kwa ufupi, maana hofu iliyopo ni ya bure. Adapta ya ampea 2 haiunguzi pedali inayotaka miliampea 20. Simtanki la lita elfu tano halimlazimishi mwenye kikombe kuyanywa yote. Jumlisha mahitaji ya pedali zako, hakikisha adapta inayapita, na ujue kwamba dilei za kidijitali, zile pedali za mwangwi, zinakula mara kumi na zaidi ya ovadraivu. Hizo pia huingiza mlio mwembamba kwenye matawi, na ukiusikia, itoe ya kidijitali uipe adapta yake.

Volti ndizo za kuogopa. Zile adapta nzito zenye transfoma ya kizamani zimeandikwa 9, lakini zisipobebeshwa mzigo mita inaweza kusoma 13. Pedali zenye ayisii kama MAX1044 hazivumilii zaidi ya kidogo juu ya 10. Na zile adapta za kuchagua volti, zenye kitelezo cha 3 hadi 12 na kichwa kinachogeuzwa, mimi siziweki kwenye begi langu. Kitelezo kinasogea njiani, kichwa kinageuka, na unachomeka usiku huku MC anakuita.

Wenzetu wanaopiga vijijini, Newala, Tandahimba hadi Nachingwea, hutumia betri ya sola ya volti 12 na vile vimoduli vya LM2596 vya kushushia hadi 9. Ni njia nzuri. Lakini nimesikia wakisema kwamba kwa kuwa kila pedali ina kimoduli chake, basi zimetengana. Hazijatengana. Kwenye kimoduli hicho hasi inapita moja kwa moja, ya kuingia na ya kutoka ni ileile. Fazi yenye chanya kwenye ethi itafanya shoti palepale, na nyuma yake safari hii hakuna adapta inayochoka, kuna betri inayoweza kusukuma ampea mia na kuyeyusha waya mikononi mwako. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na nguzo ya chanya kabla ya kitu kingine chochote.

Ile fazi bado ninayo. Nilifikiria kuitafutia tundu lake lililotenganishwa, kisha nikapima inakula kiasi gani: haifiki miliampea 2. Betri ya alkali ya volti 9 ina karibu miliampea-saa 500, yaani saa mamia ya kupiga. Tundu la adapta nimeliziba kwa utepe mweusi ili asije mtu mwenye nia njema akaichomekea matawi nikiwa nimekwenda kunywa maji. Shoo ikiisha, kitu cha kwanza ninachofanya, kabla hata ya kuvua gitaa, ni kuchomoa waya kwenye tundu lake la kuingilia, kwa sababu hapo ndipo swichi yake ya betri ilipo.